Baldur's Gate EE: Nimehariri upanga mmoja, sasa kila mlinzi anao

MtuWaTandika
Wakuu, salaam. Nataka kuongeza silaha moja kwenye Baldur's Gate: Enhanced Edition (EE), lile gemu la kompyuta, silaha yenyewe inaitwa "Panga la Kilwa", na maelezo yake yawe ya Kiswahili. Nilifungua SW1H04.ITM (faili la upanga mrefu) kwa Near Infinity (programu ya kufungulia mafaili ya gemu), nikabadilisha jina na bei, nikaweka Enchantment 3, nikasevu. Sasa kila mwenye upanga mrefu pale mji wa Beregost ana Panga la Kilwa! Halafu kupiga ni kulekule, hiyo 3 siioni. Nikanakili faili kwa jina panga_la_kilwa.itm, nikaliweka override (folda ambayo mafaili yake yanatangulia yale ya asili), gemu hailitambui kabisa. Jana Steam ikajisasisha, jina likageuka "Invalid" na namba mbele yake.

Kompyuta ni mtumba wa Kariakoo, RAM GB 4, Windows 10. Msinipe programu nzito, na bando lenyewe ni la kuokoteza.

bwana_heksa
Mkuu, gemu haijakosea, imefanya ulichoiambia.

SW1H04 si upanga mmoja, ni aina ya upanga. Faili la CRE (data ya kiumbe) la mlinzi halina upanga ndani yake, lina neno SW1H04 tu. Gemu ikikutana na neno hilo inatafuta kwanza kwenye folda ya override. Isipolikuta inauliza chitin.key, ambayo ni faharasa ya mafaili ya BIF, yanayobeba data ya asili ya gemu. Wewe umeweka SW1H04 mpya kwenye override, basi kila anayelitaja jina hilo anapewa yako. Lifute hapo override, la asili litarudi lenyewe, maana BIF hukuigusa.

Jina la faili mwisho herufi 8, bila kuhesabu .itm. Nafasi iliyotengwa ndani ya mafaili ni baiti 8, hakuna ya tisa. Tumia kitu kama DZPANGA1. Herufi mbili za mwanzo ziwe alama yako kwenye kila faili unalotengeneza, usije ukagongana na modi (nyongeza ya gemu) ya mtu.

Enchantment inawazubaisha wengi. Namba hiyo (ofuseti 0x60, yaani nafasi yake ndani ya faili) inaamua tu kama silaha itamdhuru kiumbe asiyeguswa na chuma cha kawaida. Haiongezi shabaha wala madhara. Hayo yamo kwenye kichwa cha shambulio (sehemu ya faili inayoeleza pigo la silaha): shabaha 0x14, madhara 0x1a, ukihesabu kuanzia mwanzo wa kichwa hicho, si mwanzo wa faili. Upanga wa +3 unadai 3 sehemu zote tatu. Na andika 3, usiandike -3 eti kwa sababu THAC0 (namba ya shabaha ya mpiganaji) nzuri ni ndogo. Gemu inapunguza yenyewe.

Ukija kuongeza athari za kuvaa, mfano kinga ya moto (opkodi 30, yaani namba ya aina ya athari), weka timing 2, yaani wakati kimevaliwa tu. Ukiweka 1 athari inabaki hata baada ya kuvua. Mchezaji akivaa na kuvua mara tano, anajikuta na kinga mara tano.

Kete20
Nyongeza: Near Infinity itumie kusoma na kukagua. Kuandika mwachie WeiDU. Ni programu ndogo ya kusakinisha modi, ya kisanduku cheusi cha maandishi tu, hiyo GB 4 inatosha na kubaki.

Maneno ya gemu hayakai kwenye ITM. Yako dialog.tlk (kwenye EE ni lang/en_US), na ITM inabeba namba ya mstari tu. Steam ilipoleta dialog.tlk mpya mstari wako ukapotea, ndiyo hiyo "Invalid". Nakili folda nzima ya gemu nje ya Steam, ufanyie kazi kwenye nakala.

Tengeneza folda dzpanga pale ilipo chitin.key, na ndani yake faili setup-dzpanga.tp2:

```
BACKUP ~dzpanga/backup~
AUTHOR ~MtuWaTandika~
BEGIN ~Panga la Kilwa~
COPY_EXISTING ~sw1h04.itm~ ~override/dzpanga1.itm~
  SAY NAME1 ~Panga la Kilwa~
  SAY NAME2 ~Panga la Kilwa~
  SAY UNIDENTIFIED_DESC ~Maelezo yako hapa.~
  SAY DESC ~Maelezo yako hapa.~
  WRITE_LONG 0x34 900
  WRITE_LONG 0x60 3
  READ_LONG 0x64 kichwa
  WRITE_SHORT (kichwa + 0x14) 3
  WRITE_SHORT (kichwa + 0x1a) 3
```

0x34 ni bei, 0x64 inakuonyesha kichwa cha shambulio kinapoanzia. Nakili weidu.exe kando ya chitin.key, ibadilishe jina iwe setup-dzpanga.exe, bofya. Ikiuliza lugha chagua ileile unayochezea, la sivyo maneno yataandikwa kwenye tlk nyingine. Folda ya backup usiifute hata kama diski imejaa, ndiyo njia pekee ya kuiondoa modi salama.

Kujaribu: kwenye Baldur.lua (iko Documents) weka `SetPrivateProfileString('Program Options','Debug Mode','1')`. Ndani ya gemu bonyeza Ctrl na Space, andika `C:CreateItem("DZPANGA1")`.

MtuWaTandika
Limetoka, na shabaha imepanda. Shukrani sana. Nimeongeza pia kwenye duka la mhunzi wa Beregost kwa `ADD_STORE_ITEM ~dzpanga1~ LAST #0 #0 #0 ~IDENTIFIED~ #1`. WeiDU inasema imefanikiwa, dukani hakuna kitu.

bwana_heksa
Umeshawahi kuingia duka hilo kwenye sevu hiyo? Ukishaingia, hali ya duka inahifadhiwa ndani ya sevu, na override haiulizwi tena. Maeneo (ARE) nayo ni hivyohivyo, pamoja na watu waliomo. ITM ni tofauti: sevu inabeba jina lake tu, kwa hiyo ukibadilisha bei au madhara unaona papo hapo. Pakia sevu ya kabla ya kuingia dukani, au anza upya.

mama_tilde
Kwa wanaoandika Kiswahili: herufi zetu hazina shida yoyote, isipokuwa ile alama ya ng'. Ukinakili "ng'ambo" kutoka Word, alama inakuja imepinda, na faili likiwa ANSI (mfumo wa zamani wa kuhifadhi herufi) inatokea takataka. EE inataka UTF-8. Andika kwa Notepad++, encoding iwe UTF-8 bila BOM (alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili).

Mwenye Siege of Dragonspear (nyongeza rasmi ya gemu hili) ya Steam au GOG: mafaili yake yamo ndani ya sod-dlc.zip na WeiDU haioni humo. Sakinisha DLC Merger (modi inayoyatoa humo) kabla ya modi nyingine yoyote.

Na kama betri ya huo mtumba imekufa, usisakinishe umeme ukiwa wa kuwaka na kuzima. WeiDU inaandika dialog.tlk mwishoni. Ukikatika katikati, mafaili yameshaingia override lakini maneno yake bado, unarudi kwenye "Invalid" ileile.