Naombeni ushauri: milioni 24 za mirathi, nizigawe vipi zisikae sehemu moja?

NesiDodoma
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mimi ni muuguzi, niko Dodoma, miaka 38, watoto wawili, mkubwa anaingia kidato cha kwanza mwakani. Tumeuza shamba la marehemu baba kule Singida na fungu langu limekuja milioni 24. Sasa kila mtu ana lake. Baba watoto anataka bajaji. Kaka yangu anasema viwanja vya Ihumwa vitapanda, ninunue nikae kimya. Kazini wananiambia fikisi, yaani niifungie benki kwa muda maalumu kwa riba. Nimeandika hivi kwenye daftari: kiwanja milioni 9, fikisi milioni 7, hisa za benki milioni 5, milioni 3 zibaki kwenye simu. Hisa za benki hiyo ninazo tayari kidogo na gawio la mwaka huu lilinifurahisha. Mgawanyo umekaa sawa? Maoni yote nayapokea, matusi hapana.

FursaTele
Dada fikisi ni kulaza hela. Njoo PM nikuunganishe na platifomu, asilimia 3 kwa siku, unatoa muda wowote unaotaka. Mimi mwenyewe nakula huko.

Binti Kahama
Asilimia 3 kwa siku 😂 Mwaka 2009 waliita kupanda mbegu, DECI hiyo, watu wamepanga foleni na hela za ada. Serikali ikafunga, viongozi wakapandishwa kizimbani, waliopanda mwisho wakabaki na karatasi. Dada usiende PM ya mtu.

Mzee wa Hatifungani
Marahaba binti yangu. Kabla sijasema kitu nijibu matatu. Una mkopo wowote? Shemeji anafanya kazi gani? Na hapo mnapoishi ni kwenu au mmepanga?

NesiDodoma
Mzee wangu, mkopo ninao, wa mshahara, umebaki kama milioni 6, riba asilimia 17 kwa mwaka. Unakatwa juu kwa juu hivyo huwa siuhesabu. Mume ana duka la vifaa vya ujenzi, tunaishi kwetu Nkuhungu, na kuna kiwanja kingine tumeshanunua Nala.

Mzee wa Hatifungani
Ahsante, sasa picha imekuja.

Angalia daftari lako tena. Umeandika mistari minne ukaona umegawa. Mimi naona sehemu mbili tu. Ya kwanza ni benki: mshahara unapitia pale, hisa unazo pale, unataka kuongeza hisa pale, na fikisi nadhani ungeweka palepale (nisahihishe kama nimekosea). Ya pili ni ujenzi wa Dodoma: nyumba iko Dodoma, kiwanja cha Nala kipo, duka la shemeji linauza saruji na nondo kwa wanaojenga Dodoma, na sasa unataka kiwanja cha tatu. Siku ujenzi ukipoa, duka linapoa na viwanja vinakosa wateja mwezi huohuo. Ndiyo maana mimi nisingeweka hata shilingi kwenye kiwanja. Si kwamba viwanja ni vibaya, Dodoma imepanda sana tangu serikali ihamie. Ni kwamba ninyi tayari mmejaa ardhi.

Halafu huo mkopo usiouhesabu. Hakuna hatifungani ya serikali, yaani ile unayoikopesha serikali kwa riba, itakayokulipa asilimia 17. Ukiufuta leo umepata asilimia 17 ya uhakika, bila dalali na bila kodi. Kwangu hiyo ndiyo namba moja, mengine yanafuata. Uliza tu kama kuna faini ya kulipa kabla ya muda, na uombe barua ya salio kwa maandishi.

Kipande kwa Kipande
Naunga mkono Mzee. Naongeza kwenye ile milioni 3 ya simu: hela ikikaa kwenye simu inaliwa na wageni. Weka UTT, ile kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ambako unanunua vipande, mfuko wa Ukwasi. Ukiomba kutoa, ndani ya siku chache za kazi iko benki, na thamani ya kipande inapanda taratibu kila siku. Ila dada usiweke ada ya Januari kwenye hisa hata kama gawio lilikufurahisha. Ada ina tarehe, hisa haina.

Kijana wa Posta
Mimi napingana kidogo. Mnamtisha dada na hisa kana kwamba ni kamari. Hisa ya benki ya NMB iliuzwa kwa wananchi shilingi 600 mwaka 2008, ya CRDB 150 mwaka 2009. Mwaka 2024 NMB ilikuwa inapita 5,000 na CRDB inapita 600, gawio kila mwaka juu yake, na kodi ya gawio kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, ni asilimia 5 tu, inakatwa palepale. Riba ya fikisi inakatwa 10. Ana miaka 38, mbele kuna zaidi ya miaka 20 ya kazi. Akichukua Twiga Cement na benki, anakaa.

Mzee wa Hatifungani
Kijana, Twiga wanauza nini? 😀 Saruji. Shemeji anauza nini?

Na umetaja mbili zilizopanda. Vodacom waliuza 850 mwaka 2017, watu wakajazana, na miaka iliyofuata bei ikakaa chini ya hapo. Sisemi asinunue hisa. Anunue za kampuni zaidi ya moja, zisizotegemea kitu kimoja, na ajue kwamba DSE kuna hisa unaweka oda ya kuuza, wiki inapita, hakuna mnunuzi. Bei kwenye skrini inapendeza, hela huioni.

NesiDodoma
Jamani nimecheka hapo kwenye saruji. Nimemsomea baba watoto, kanyamaza. Mzee, hizo hatifungani zinanunuliwaje? Nasikia ni za matajiri.

Mzee wa Hatifungani
Hapana. Kiwango cha chini ni milioni moja, unaongeza kwa laki moja moja. Benki Kuu inatangaza mnada, kuna za miaka 2, 5, 10, mpaka 25. Unapitia benki yako au dalali aliyesajiliwa, wanakufungulia akaunti ya CDS, inayotunza hatifungani zako kielektroniki. Kwa kiasi chako unaomba zabuni isiyo ya ushindani, unapewa kwa bei ya wastani ya waliofaulu, huumizi kichwa kukisia.

Bei inasomwa kwa kila 100. Tuseme mnada umeangukia 95: hatifungani ya milioni 10 unalipa milioni 9 na laki tano, lakini riba inahesabiwa kwenye milioni 10. Kuponi, yaani riba ya mwaka ya hatifungani, ikiwa asilimia 12, kila miezi sita inaingia laki sita kwenye akaunti, mara mbili kwa mwaka, na ikiwa ya zaidi ya miaka mitatu haikatwi kodi ya zuio. Muda ukiisha unarudishiwa milioni 10 kamili.

Kuponi hubadilika kwa zinazotolewa upya, si kwa uliyonayo mkononi. Aprili 2022 ya miaka 25 ilishushwa kutoka 15.95 hadi 12.56. Waliokuwa na za zamani waliendelea kula 15.95, na waliotaka kuuza sokoni waliuza kwa bei nzuri. Inageuka pia: kuponi mpya zikipanda, ya kwako inashuka bei. Ukiuza katikati ya safari unaweza kupata pungufu, kwa hiyo peleka huko hela usiyoihitaji kesho.

Mtu wa Raskazone
Dada, serikali si peke yake. Sisi Tanga mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani mwaka 2024, bilioni 53.12, miaka 10, asilimia 13.5, ipo DSE. Unaweza kuulizia kwa dalali kama kuna anayeuza. Mimi napenda hela yangu niione inapita kwenye bomba.

Kipande kwa Kipande
Akiona mnada unamchosha, UTT wana mfuko wa Hatifungani. Wao ndio wanaopigana huko mnadani, na ukianza na milioni 10 unaweza kuchagua kulipwa kila mwezi. Hasara yake, kipato hakifungwi kama kuponi, kinategemea mfuko unavyofanya.

NesiDodoma
Nimeandika upya. Milioni 6 nafuta mkopo. Milioni 4 Ukwasi, humo humo ada ya Januari. Milioni 10 hatifungani, nusu ya miaka 10 na nusu ya 20, nisiende kwenye mnada mmoja. Milioni 4 hisa, lakini si za benki yangu na si saruji, nitanunua kidogo kidogo kila robo mwaka. Yale makato yaliyokuwa yanakwenda kwenye mkopo baba watoto anaomba yaende kwenye bajaji, tunajadiliana. Kaka amenuna.

Binti Kahama
Kaka atazoea. Bajaji dada ihesabiwe kama biashara: mafuta, bima, spea, dereva, na siku iko gereji nani anapeleka hesabu. Msiiweke kundi moja na hatifungani.

NesiDodoma
Sawa mdogo wangu. Swali la mwisho: nyaraka gani niende nazo kwa dalali?

Kijana wa Posta
Namba ya NIDA, picha mbili, na uthibitisho wa akaunti ya benki. Cha kuangalia ni majina. Kama NIDA inasoma jina la baba na benki umeandikisha la mume, fomu inarudi. Rekebisha benki kwanza. Na kwenye fomu za UTT kuna sehemu ya mrithi, watu wengi wanairuka. Jaza na asilimia kwa kila mtoto.