Msaada: RTX 3060 ya mtumba au GTX 1660 Super kwa kuedit video? Nina 1.2M

Dogo wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Naedit video za harusi na sendofu. Mashine imechoka, nikipanga klipu mbili za 4K inaganda mpaka naenda kunywa maji na kurudi. Nina 1.2M. Kati ya kadi za picha RTX 3060 ya GB 12 na GTX 1660 Super, nichukue ipi? Prosesa ni Core i5, RAM GB 16. Sitaki kubadilisha kila kitu, kadi tu. Natanguliza shukrani.

Mpiga Zumari
Ngoja waje wataalam. Nimekaa paleee.

Fundi Tandika
i5 ipi? Hizo zipo tangu 2009. Kusema i5 tu ni kama kusema gari lako ni Toyota. Kesi, yaani boksi la mashine, ni ya aina gani, na pawa saplai ni wati ngapi?

Dogo wa Mbagala
Mkuu ni i5 nzima kabisa, haina tatizo. Naomba tujikite kwenye kadi.

Shangazi wa Tabata
1.2M kwenye kadi? Mwanangu, nunua UPS kwanza, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Siku moja umeme wetu ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, ya tatu nikasikia paa, chumba kikanuka nywele zilizoungua. Ilikuwa kompyuta ya marehemu mume wangu, ina picha zote za ubatizo wa watoto. Friji ilipona kwa sababu ilikuwa kwenye stabilaiza.

Mkenya Halisi
Shangazi pole sana. Mimi nilienda Luthuli, kule Nairobi, kutafuta RAM, nikarudi na spika ya wufa. Sijutii. Majirani ndio wanajuta.

Fundi Tandika
Dogo, narudia. Geuza hiyo mashine, soma kilichoandikwa.

Dogo wa Mbagala
Dell OptiPlex 9020. i5-4590. Ni ile nyembamba, inayolazwa chini ya monita.

Fundi Tandika
Sasa tunaongea. Hiyo nyembamba ina pawa saplai ya wati 255, na haina hata waya mmoja wa kulisha kadi ya picha. 3060 peke yake inakula wati 170, na NVIDIA, watengenezaji wenyewe, wanataka saplai ya wati 550. Usidhani utabadilisha saplai kirahisi, mazabodi (bodi kuu) ya hiyo Dell inatumia plagi ya pini 8, siyo 24 kama nyingine. Halafu kadi yenyewe ni ndefu na pana, mle zinaingia zile fupi za nusu kimo tu. Kwenye kesi hiyo tafuta kadi kama GTX 1650 ya nusu kimo, inayokula wati 75 za kwenye sloti. 1660 Super nayo haingii. Umeuliza kati ya viatu viwili na vyote si saizi yako.

Dogo wa Mbagala
Nashukuru mkuu, ila muuzaji Kariakoo ameniambia upo waya wa kugeuza, unachukua umeme kwenye plagi ya SATA. Na kesi naweza kuiacha wazi, tena inapata hewa.

Fundi Tandika
Plagi ya SATA ni ya kulisha diski za kuhifadhia. Ukiipachika mzigo wa 3060 itaanza kuyeyuka plastiki, kisha utamkumbuka Shangazi. Kwani huyo muuzaji umeshampa kitu?

Dogo wa Mbagala
Nimempa kishika uchumba tu, laki 2. Anasema hairudi. Na nyie msinione mjinga, 3060 nikiinunua leo, kesho nabadilisha mashine nahamia nayo. Ni uwekezaji.

Mlinzi wa Zamu
Hiyo 1.2M ni yako?

Dogo wa Mbagala
Ni advansi ya mteja. Kazi yake natakiwa nikabidhi baada ya wiki mbili. Lakini hilo halihusiani na kadi.

Shangazi wa Tabata
Linahusiana sana! Bibi harusi anasubiri kumbukumbu zake, wewe unachezea hela yake kwenye mabati.

Lenzi Moja
Samahani, mnagombana juu ya kadi na hakuna aliyeuliza kamera. Unapiga na nini?

Dogo wa Mbagala
Sony A7 IV, ya kukodi. XAVC HS, 4K.

Lenzi Moja
Nilijua. Hiyo ni H.265, mbano mzito wa video, na kama umeweka rangi za biti 10, 4:2:2, basi hata 3060 haina saketi ya kuifungua. Itabaki kumsukumizia prosesa, na i5-4590 ya 2014 yenye kori nne ndiyo inayoganda hapo. Mimi nilinunua kadi ya bei mbaya nikapata mgando uleule, nilitaka kulia. Kilichonitoa ni prosesa mpya zaidi, i5-12400. Usichukue yenye F mwishoni, maana kinachofungua hizo klipu ni kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na F haina. Itabidi ununue na mazabodi, RAM na kesi, RAM yako ya DDR3 haihami. Kwa hela yako inabana, bila 3060 inawezekana.
Ila kwa huyu bibi harusi usinunue chochote. Tengeneza proksi, zile nakala nyepesi, iache mashine ikeshe usiku. Asubuhi unakata kwenye nakala, mwisho unatoa kwa klipu halisi. Bure.

Mpiga Zumari
Wakuu, hii ni chai, tena imewekwa tangawizi. Akaunti ina siku mbili. A7 IV ya kukodi na Dell ya ofisi? Na juzi kuna dalali aliweka tangazo la 3060 ya GB 12 Kariakoo humu humu. Huyu ndiye yeye, anapandisha soko.

Mkenya Halisi
Kama ni tangazo ni baya, maana Fundi amenifanya niiogope hiyo kadi.

Mlinzi wa Zamu
Uzi bila picha ni hadithi. Weka picha ya Dell ikiwa wazi.

Dogo wa Mbagala
Sina sababu ya kudanganya mtu. Hii hapa. [picha]

Fundi Tandika
Mashine ni ya kweli, plagi ya pini 8 naiona, na vumbi hilo haliigizwi. Zumari muombe radhi.
Ila Dogo, hicho kiboksi cheusi na kijani nyuma ya kipanya ni cha nini?

Mpiga Zumari
😂😂😂

Dogo wa Mbagala
Nilikifuata jana jioni. Alisema kuna mtu mwingine anakitaka.

Fundi Tandika
Ulimalizia yote?

Dogo wa Mbagala
Imebaki laki 4 tu. Lenzi Moja, hizo proksi naanzia wapi?