Mjadala: Chombezo ziandikwe kwa uwazi au kwa mafumbo?

Mwanzisha mada: Ndugu waandishi na wasomaji, chombezo nyingi, yaani hadithi za mapenzi ya kitandani, zinauzwa siku hizi sehemu kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp, na kwa kuwa mnunuzi anangojea kitanda, kila sehemu inalazimika kuwa na kitanda, hata kama wahusika hawajapata nafasi ya kufahamiana. Naamini mapenzi yaandikwe kwa mafumbo, kama walivyofanya wazee wa pwani. Waandishi wa bara hawakulelewa katika mafumbo hayo, ndiyo maana wanaeleza tendo kama polisi anayeandika ripoti ya ajali.

Mwandishi, Mwanza: Kauli hiyo ya bara imeniumiza, ndugu yangu. Riwaya ya *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 iliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, ikapigwa marufuku shuleni kwa kipindi fulani kwa sababu ilithubutu kusema wazi. Nguvu yake haitokani na vitanda: inatokana na ukali wa Zakaria, baba anayemchunga binti hadi binti anafika chuoni bila kujua namna ya kujilinda. Je, fumbo lingeweza kuubeba ukweli huo?

Msomaji, Tanga: Kaka wa Mwanza, nami sipendi mpaka huo wa pwani na bara, kwani Wayao wa Tunduru na Masasi wana unyago na makungwi wao. Hata hivyo, mafunzo yale hutolewa ndani, mwanamke kwa mwanamke, na kwa wakati wake. Mwanamume anapoyaokota vipande vipande na kuyauza mtandaoni kwa jina la bandia, sioni ufundi hapo, uwe wa wazi au wa fumbo.

Mwanzisha mada: Dada, sikukusudia kudharau kabila lolote. Nilimfikiria Mwana Kupona, mshairi wa pwani, ambaye katika utenzi wake wa mwaka 1858 anamfundisha binti yake kwamba mume akilala asimsumbue, bali amwegemee, ampapase, na asikose wa kumpepea. Hakuna kiungo cha siri kilichotajwa, lakini msomaji anausikia ukaribu wa miili miwili. Huo ndio ufundi ninaouomba.

Mhariri, Nairobi: Ubeti huo ni mzuri, lakini ni wosia wa mama kwa binti, na ndani yake hatujui binti mwenyewe anatamani nini. Hadithi haina budi kutuonyesha hilo. Katika miswada ninayoletewa, mara nyingi mwanamke anakataa, anashikwa mkono, kisha mwandishi anaandika kwamba "akalegea", na mapenzi yanaanza. Huko ni kubaka kulikofunikwa kwa lugha tamu, na fumbo hulificha jambo hilo kwa urahisi kuliko uwazi. Mimi humrudishia mwandishi mswada na kumwomba aandike upya akiwa ndani ya mawazo ya mwanamke: amevutwa na nini, anaogopa nini, na ni wakati gani ameridhia.

Mwandishi, Mwanza: Mheshimiwa mhariri, ni rahisi kusema "rudisha mswada" kwa mtu mwenye ofisi. Sisi hatuna mhariri. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyofanya kuchapisha ponografia mtandaoni kuwa kosa hapa Tanzania, mwandishi wa chombezo hujificha, na anayejificha hawezi kumpa mtu kazi yake aikosoe kabla haijatoka.

Msomaji, Tanga: Kaka, kujificha hakukulazimishi kuandika kwamba mwanamke alilegea. Hilo alilouliza mhariri hujalijibu.

Mwandishi, Mwanza: Nitalijibu, dada, maana mimi mwenyewe sehemu zangu huzianzia kwa mwanamke, naye ndiye anayefungua mlango au kuufunga. Wanunuzi wengine wamelalamika kwamba nachelewesha, na bado sijabadilisha. Lakini kwanza namngojea mwanzisha mada aniambie ni kitabu gani cha mtu wa bara alichokisoma hata akatufananisha na ripoti za polisi.

Mwanzisha mada: Nilisoma chombezo, si vitabu. Tuendelee na hoja ya mafumbo, tafadhali.

Mwandishi, Mwanza: Basi taja hata chombezo moja.