Kuongeza sentensi mpya ndani ya lugha ya programu: chanzo cha Lua au cha Python?

MkaziWaNyegezi: Wakuu, heshima kwenu. Programu yetu ya kupokelea dagaa mwaloni Kirumba imejaa masharti ya kukanusha, kwa hiyo ninataka kuiongezea lugha yenyewe sentensi ya "isipokuwa". Nimebakiwa na lugha mbili za kuchagua: Lua 5.4 na CPython, yaani Python ya kawaida iliyoandikwa kwa C. Ipi ni nyepesi kuifungua, na msaada niuombe wapi?

FundiKirumba: Chukua Lua. Ni C tupu, faili chache, na hata kompyuta kuukuu huikompaili kwa muda mfupi. Neno jipya utaliingiza kwenye orodha ya llex.c na ile ya llex.h (faili za kutambua maneno) kwa mpangilio uleule, maana zikipishana neno moja litasomwa kama jingine. Kisha ongeza tawi kwenye lparser.c, inayosoma sentensi.

DadaWaIlemela: Kaka Fundi, umeruka penye ugumu. Lua haijengi mti wa sintaksia, yaani mchoro wa muundo wa msimbo. Inaposoma msimbo hutoa maelekezo papo hapo, kwa hiyo kukanusha sharti ni kugeuza mirukio yenyewe (maelekezo ya kuruka sehemu ya msimbo): utaita luaK_goiffalse badala ya luaK_goiftrue, na utashika v.t (mirukio ya sharti likiwa kweli) pale ambapo "if" hushika v.f (ya sharti likiwa si kweli). Asiyelijua hilo atakesha. Kwenye CPython, tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, sarufi inayosomwa na kichanganuzi kipya (parser, sehemu inayosoma msimbo) imo katika Grammar/python.gram. Unaandika kanuni inayojenga nodi (kipande cha mti) ya If yenye Not ndani ya sharti, unaiorodhesha chini ya compound_stmt (sentensi zenye mwili ndani yake), unaendesha make regen-pegen ili kichanganuzi kiandikwe upya, kisha make; compile.c, inayofuata baada ya mti kujengwa, huigusi. Tena, neno ukiliweka ndani ya alama mbili za nukuu badala ya moja, linakuwa neno tengwa laini (lenye maana maalumu mahali pake tu) kama "match" ya 3.10, na programu za zamani zenye kigezo cha jina hilo zitaendelea kufanya kazi. Udogo wa Lua unadanganya.

MzeeWaSengerema: Kuhusu msaada, Python ina mwongozo wa waendelezaji wenye sehemu nzima ya kubadili sarufi, pamoja na discuss.python.org. Lua ina orodha ya barua ya lua-l, ila waundaji wake wa PUC-Rio, Brazil, hawapokei viraka (mabadiliko ya msimbo) vya nje. Popote uendapo, taja toleo, bandika git diff (orodha ya ulichobadili) na ujumbe wa kosa ulivyo. Ujue pia kwamba kila toleo jipya likitoka, kazi ya kuhamisha mabadiliko ni yako.

MkaziWaNyegezi: Shikamoo mzee, na asante dada. Mizani yetu imeunganishwa na kompyuta ya kawaida, hivyo ukubwa wa Python si kikwazo. Naanza na python.gram.