MJADALA: Baiskeli Mtwara mjini, tuwekewe vyuma vya kuegeshea au tuwaachie vijana walinzi?

Mwanzisha mada (Chuno)
Wakuu, salamu. Pita Soko Kuu asubuhi uone baiskeli zilivyozagaa: ukutani, kwenye nguzo ya umeme, mlangoni kwa mtu mpaka mwenye duka anazisogeza kwa teke. Waenda kwa miguu wanabaki kugombea njia na bajaji.

Nasema halmashauri iweke vyuma sokoni, Hospitali ya Ligula na kwenye kivuko cha Msangamkuu. Ila si vyuma vya ilimradi. Vile vinavyobana gurudumu la mbele tu sivitaki. Kwenye ofisi moja hapa mjini jirani alisukuma yake, yangu ikaenda chini, rimu ikapinda. Nataka bomba lililokunjwa mfano wa U iliyopinduliwa, lile Waingereza wanaloliita Sheffield. Kimo sentimita 75 hivi, baiskeli moja kila upande. Fremu inaegemea bomba, kufuli linashika fremu na gurudumu kwa pamoja. Ukifunga gurudumu peke yake, mwizi anafungua nati, anakuachia hilo gurudumu.

Mchangiaji wa Shangani
Mkuu, na vijana wanaolinda baiskeli waende wapi? Unamwachia chochote, anakaa na baiskeli yako pamoja na mzigo. Hicho chuma kitalinda kiroba cha unga kwenye keria? Kitalinda pampu? Wengi wetu hata kufuli hatuna.

Fundi baiskeli, Mikindani
Mnyonge mnyongeni, hapo wa Shangani kasema kweli. Ngoja niongee ya kiufundi.

Bomba lisilopakwa zinki pwani hii halidumu, chumvi inalila. Msidanganyike na rangi ya mafuta: makufuli yataikwangua, kutu ianzie hapo hapo. Wala msifunge kwa boliti pekee, mtawapelekea wa vyuma chakavu biashara. Miguu izikwe kwenye zege.

Halafu nafasi. Vipimo vya wenzetu huko nje ni kama mita moja kati ya bomba na bomba. Hiyo ni baiskeli tupu! Phoenix iliyofungwa magunia ya mkaa, gunia huku na gunia huku, utaipitisha wapi? Na hiyo ndiyo inayohitaji bomba kuliko zote, maana uzito wote uko nyuma, stendi yake ya mguu inazama mchangani, ukigeuka tu iko chini na mkaa umemwagika. Sokoni wekeni mita moja na nusu. Ligula mita moja inatosha, hakuna anayeenda kumwona mgonjwa na mkaa.

Dereva bajaji
Kwa hiyo tunaoondolewa ni sisi. Mbele ya soko tunalipia kuegesha, mwenye baiskeli anaweka bure. Haki iko wapi?

Mwanzisha mada (Chuno)
Ndugu dereva, sehemu inayokaa gari moja dogo inameza baiskeli sita mpaka nane, hata kwa vipimo vya fundi. Hao wote ni wateja wa soko. Hatuombi uwanja mzima.

Vijana walinzi wabaki, tena kazi itakuwa rahisi: baiskeli zikiwa kwenye mstari anaziona zote kwa pamoja. Lakini kuna saa na mahali ambapo mlinzi hayupo. Mtu kamleta mgonjwa Ligula saa tano usiku, anamwachia nani baiskeli? Wakisema pesa inatosha sehemu moja tu, mimi naanzia huko.

Mchangiaji wa Shangani
Ligula nakubali, hata kesho. Sokoni hapana, mpaka iandikwe kwamba kuegesha ni bure. Tunajuana hapa. Leo wanaweka chuma, kesho anakuja mzabuni na mashine ya kukatia risiti, yule kijana anafukuzwa, na sisi tunalipa zaidi ya tulichokuwa tunampa.