Mradi wa kidato cha kwanza: chimbuko la binadamu na ukoo, kamba ya miaka ipimwe vipi?

Mwl_Mafinga
Habari wadau. Nina mikondo miwili ya kidato cha kwanza, jumla wanafunzi 90. Nataka mradi mmoja wa wiki tatu unaobeba chimbuko la binadamu, ukoo wa kila mwanafunzi na safari ya Isimila, penye zana za kale za mawe. Shida ya chati za ukutani ni kwamba nyayo za kale za Laetoli zinakaa sentimita chache kutoka kwa bibi yake mtoto, kwa hiyo wanaona kama ni juzi tu. Nimewaza kamba ya miaka uwanjani. Kipimo gani kinafaa? Na zana za mawe tuzitengeneze kwa kitu gani cha bei rahisi?

Udongo_Mwekundu
Mwalimu, mita 1 iwe miaka 100,000. Kamba ya mita 40 inatosha, na uwanja wa mpira unaimeza bila shida. "Leo" iwe kwenye mlingoti wa goli, halafu:

Nyayo za Laetoli, miaka milioni 3.66: mita 36.6
Fuvu la Zinjanthropus (zamadamu), Olduvai, milioni 1.75: mita 17.5
Jebel Irhoud, Moroko, watu wa aina yetu, kama 300,000: mita 3
Isimila, yapata 260,000: mita 2.6
Kifo cha Mkwawa, 1898: milimita moja na robo hivi

Tarehe ya Isimila utaikuta tofauti kitabu hadi kitabu, chagua moja uishike. Hiyo milimita ya Mkwawa ndiyo somo lenyewe. Ukihesabu kizazi kuwa miaka 25, sentimita moja tu ni vizazi 40. Mtoto aliyehangaika akapata majina ya vizazi vitano hajavuka upana wa ukucha wake.

Nunua kamba ya katani. Nailoni huvutika: wawili wakishika ncha na kuikaza, alama zote zinahama. Usitie mafundo, kila fundo linakula kamba na ukifika mita 36 umepotea kabisa. Funga vitambaa vya rangi. Futi kamba isomwe kutoka sifuri kwa kila alama. Ukipima kipande kwa kipande makosa yanalimbikizana. Na isilale nje. Huo ukungu wenu ukiilowesha, katani inanywea.

Nyundo_Mwe
Kuhusu zana, achana na udongo wa mfinyanzi. Kwenye udongo unaongeza na kubandika, wakati jiwe hupunguzwa tu, ukishakata pabaya huwezi kurudisha. Tumia sabuni ya mche. Ikate vipande vya sentimita 12 hivi, kimoja kwa watu watatu, yaani vipande 30 kwa madarasa yote mawili. Wachonge kwa mpini wa kijiko. Shoka la mkono la Isimila lina kitako butu cha kushikia, ncha upande wa pili, na kingo zilizobanduliwa pande zote mbili, kwa hiyo mwambie mwanafunzi ageuze kipande kila baada ya kubandua mara moja. Asiyegeuza anaishia na kisu cha upande mmoja. Chukua sabuni mpya, iliyokaa sana dukani imekauka na inapasuka katikati. Mabaki yasitupwe, yanafulia.

Kugonga mawe halisi usiruhusu. Vipande vinaruka machoni, na kwatsi inakata kama chupa.

Isimila kutoka Mafinga mnaikuta kabla ya Iringa mjini, zikiwa zimebaki kilomita kama 20. Epuka masika, njia ya kushukia kwenye nguzo za udongo inateleza. Zana zipo chini wazi kabisa na mikono ya watoto itawasha, lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivyo. Zaidi ya sheria, jiwe likihamishwa limepoteza nusu ya habari yake. Wapige picha na rula kando, waandike liliko.

Mama_Tukuyu
Mimi niongezee upande wa ukoo, maana huko ndiko miradi mingi inaharibikia. Mtoto akiambiwa "chora baba zako" anaweka baba, baba mkubwa na baba mdogo kwenye mstari mmoja bila kutofautisha. Si kosa lake, nyumbani wote ni baba. Kila jina liandikwe na "mtoto wa fulani na fulani", mchoro unajipanga wenyewe.

Miaka msiiulize moja kwa moja, babu atakisia. Ulizeni kwa matukio: Uhuru 1961, ujenzi wa TAZARA 1970 hadi 1975, vita vya Kagera 1978 na 1979. "Reli inajengwa Makambako ulikuwa umeshaoa?" inatoa jibu zuri kuliko "ulizaliwa lini?"

Na tafadhali Mwalimu, wapo wanaolelewa na bibi au mlezi, na wengine hawamjui baba. Tangu siku ya kwanza toa chaguo sawa kwa darasa zima: ukoo wa damu, ukoo wa mlezi, au historia ya kifaa kimoja cha nyumbani, kinu, jembe, mkeka. Alama ziwe zile zile. Ukisubiri mtoto aje kuomba ruhusa umeshamwaibisha.

Mwl_Mafinga
Asanteni sana. Mzazi akija kusema tunafundisha kwamba mtu ametokana na nyani?

Udongo_Mwekundu
Ondoa kwanza ile picha ya nyani anayeinuka hatua kwa hatua mpaka mtu, ndiyo inayoleta ugomvi na yenyewe si sahihi. Chora mti wenye matawi. Zinjanthropus yuko kwenye tawi la pembeni lililokatika, si babu yetu. Sokwe naye hayuko chini yetu, yuko kwenye tawi lake na tunakutana naye kwenye shina.

Masimulizi ya asili yapewe ukuta wake: Adamu na Hawa, Gikuyu na Mumbi wa Wakikuyu, Kintu na Nambi wa Baganda, na ya wazee wa hapo kwenu kama watoto watayapata. Kichwa cha ukuta huo kiwe "Watu wanasimulia nini", cha mwingine "Nini kimechimbuliwa". Usiwapigishe kura kipi ni kweli. Mzazi mwalike siku ya maonyesho, mpe ncha ya kamba ashike.