Forester turbo (EJ20) hapa Dodoma: oili ipi, na ibadilishwe baada ya kilomita ngapi?

Mleta mada, Nkuhungu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaozijua injini za Subaru zenye turbo. Gari ni Forester SG5 ya 2005, EJ20 turbo yenye AVCS, otomatiki, dashibodi inasoma kilomita 146,000. Haijaongezwa nguvu yoyote, haivuji, haitoi moshi. Siku za kazi ni mjini na kurudi, safari fupi fupi, na kipande cha mwisho ni vumbi tupu. Mwisho wa mwezi inapiga Dodoma–Morogoro, au inapanda Kondoa mpaka Babati, na huko haiendi taratibu.

Gereji moja wanasema injini ya umri huu iwekewe 20W-50, ndiyo inayohimili joto la hapa. Muuza spea anasema chukua 0W-20 sintetiki, utatembea kilomita 10,000 bila kugusa. Naomba kujua namba, lita, filta na muda wa kubadilisha.

Spana17

Mkuu, zote mbili ziache. Weka 5W-40 sintetiki, kopo lioneshe API SN au SP (madaraja ya ubora ya Marekani), na ukipata yenye ACEA A3/B4 (daraja la Ulaya) ni bora zaidi.

Namba iliyo mbele ya W ni ya baridi. 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri. Dodoma hata asubuhi ya Julai haikaribii huko, kwa hiyo usilipie pesa ya ziada kwa ajili ya 0W. Namba ya pili ndiyo inayolinda injini yako. Kwenye nyuzi 100, oili ya 30 ina uzito (yaani mnato, jinsi inavyotiririka) wa kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5, ya 40 ni 12.5 hadi chini ya 16.3, ya 50 ni 16.3 hadi chini ya 21.9. Kuna kipimo kingine, HTHS, kinachofanyika kwenye nyuzi 150 oili ikiwa inakamuliwa kwa kasi. Hapo 20 inatakiwa isishuke chini ya 2.6, 30 isishuke chini ya 2.9, na 5W-40 isishuke chini ya 3.5. Hiki ndicho kinachofanana na maisha ya beringi za konrodi. Kwenye EJ beringi hizo ni nyembamba kwa sababu krenki ya boksa (injini yenye silinda zilizolala pande mbili) ni fupi, na injini hizi nyingi hufia hapo hapo. Kuweka 0W-20 kwenye turbo hii ni kuchezea krenki.

Kiwandani waliiweka kwenye 5W-30, na kwa mwendo wa mjini peke yake inatosha. Kwa mlima wa Kondoa, gari imejaa watu na turbo inapuliza, mimi ningebaki na 40.

Mdau wa Kizota

Spana17, nakubaliana nawe kwa 0W-20, ila 20W-50 usiitupe hivyo. Vipo vitabu vya Subaru za zamani vinavyoiruhusu kwa maeneo ya jangwa na kazi nzito. Injini iliyokwisha ringi na presha ya oili imeshuka, 50 huisaidia.

Spana17

Iliyokwisha, sawa. Hii haijaisha. Na hii ina AVCS, yaani kamshafti inageuzwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu na valvu ndogo. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika huko, inachelewa kufika kwenye turbo, na inafungua baipasi ya filta (njia ya kuikwepa filta presha ikizidi), hivyo inazunguka bila kuchujwa. Isitoshe, madumu mengi ya 20W-50 ya bei rahisi ukigeuza nyuma unakuta API SF au SG. Hayo ni madaraja ya miaka ya 1980. Oili ya namna hiyo ikikutana na shafti ya turbo yenye moto inaganda na kuwa masizi magumu, na masizi hayo ndiyo yanayoziba njia. Anayetaka 50 atafute ya sintetiki yenye daraja jipya, lakini kwa gari hii sioni sababu.

Fundi Ihumwa

Naongezea kuhusu muda na namna ya kumwaga, maana oili nzuri iliyowekwa vibaya haisaidii.

Kwa turbo hizi Wajapani wenyewe waliandika kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Safari fupi, vumbi na milima vinaingia kwenye mazingira magumu, kwa hiyo wewe fanya 4,000. Kama gari inatembea kidogo, usivuke miezi 6. Sindano ya joto inaonesha maji, haioneshi oili. Oili inachelewa kupata moto, na safari ya dakika kumi haitoshi kuchemsha petroli na unyevu ulioingia humo. Chomoa stiki uinuse: ikinuka petroli, imwage hata kama kilomita hazijafika. Sindano ikishatulia katikati, subiri dakika kadhaa kabla ya kupita RPM 3,000.

Kumwaga: washa dakika tano, izime, gari iwe sehemu tambarare. Bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni spana 17. Iache idondoke robo saa. Washa (pete) ya bolti inabanwa mara moja tu, weka mpya kila mara, kaza kwa Nm 44. Wanaorudishia ya zamani huishia kukaza kwa nguvu mpaka nyuzi zinaliwa.

Filta iko chini mbele, imezungukwa na mabomba ya ekzosi, kwa hiyo weka kitambaa, la sivyo ukiwasha itatoa moshi utadhani inaungua. Ukiifungua hakikisha mpira wake umetoka nayo. Ukibaki kwenye injini na ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili itatema oili yote barabarani. Filta inasimama wima, ijaze nusu, paka mpira oili, kaza kwa mkono mpaka mpira uguse kisha ongeza kama mzunguko mmoja. Chukua ya Subaru. Baipasi yake inafunguka kwenye presha kubwa kuliko filta nyingi za kawaida zinazoingia kwenye nyuzi hizo hizo.

Usimimine dumu zima la lita 5! Weka 3.5, washa bila kupiga resi, taa ikizima acha izunguke kidogo, zima, subiri dakika kumi, kisha ongeza kidogo kidogo. Itaishia kwenye lita 4 na ushee. Ikizidi, krenki inaipiga povu, na nyingine inavutwa hadi kwenye intakula (kipozea hewa ya turbo). Stiki ya EJ mara nyingi inasoma tofauti kila upande, amini upande wa chini. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1. Ipime kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha.

Na usikubali kusafishiwa injini kwa dizeli. Uchafu utang'oka mapande na kwenda kuziba chujio la pampu.

Mleta mada, Nkuhungu

Nimewaelewa wakuu. Nasikia pia kuna chujio dogo kwenye bomba la turbo?

Fundi Ihumwa

Lipo kwenye EJ zenye AVCS, ndani ya bolti ya bomba la oili inayokwenda turbo, nyuma upande wa turbo. Ni wavu mdogo kama ncha ya kidole. Ukiziba, turbo inakufa kiu huku stiki inasoma vizuri. Fungua uusafishe, na washa za shaba pande zote mbili weka mpya. Wavu ukiwa umechanika au umekunjana, badilisha bolti.

Mdau wa Kizota

Na kwa vumbi lenu la Nkuhungu, fungua hozi ya hewa baada ya filta, ingiza kitambaa cheupe ufute ndani. Kikitoka chekundu, hewa inapita pembeni ya filta au hozi imepasuka. Mchanga huo unakula mapanga ya turbo na ringi, na hakuna oili itakayouzuia. Anzia hapo kabla hujanunua dumu.